Silikoni inapokataa gredi: kutafuta kosa kuanzia tanuruni hadi kwenye chungu cha mnunuzi

Silikoni ikikosa gredi, yaani kiwango chake cha usafi, kabla ya kugusa tanuru au kugombana na maabara, jiulize kwanza: uchafu uliozidi unaondoleka metali ikishatoka, au hauondoleki? Kalsiamu na alumini hushika oksijeni kwa nguvu kuliko silikoni, kwa hiyo unaweza kuzitoa kwenye ndoo ya kupokelea metali iliyoyeyuka. Chuma, titani, fosforasi na boroni hazitoki humo hata upulize hewa usiku kucha. Hizo huzuiwa mlangoni, kwenye malighafi. Saa nyingi za kiwandani hupotea kwa sababu mtu anatibu kundi la pili kwa dawa ya kundi la kwanza.

Neno silikoni hapa ni elementi yenyewe, ile ya kijivu inayong'aa na kuvunjika kama kioo. Si mpira wa silikoni wa kuzibia madirisha, ingawa mpira huo nao asili yake ni humo humo.

Namba za gredi husomwa hivi. Tarakimu ya kwanza ni kikomo cha chuma na ya pili ni cha alumini, zote kwa sehemu ya kumi ya asilimia. Zinazobaki ni kalsiamu. Kwa hiyo 553 ni chuma 0.5, alumini 0.5, kalsiamu 0.3. Gredi 441 ni 0.4, 0.4 na 0.1. Zenye tarakimu nne huhesabu kalsiamu kwa sehemu ya mia: 3303 ni 0.3, 0.3 na 0.03, na 2202 ni 0.2, 0.2 na 0.02. Asilimia ya silikoni yenyewe mara nyingi haipimwi. Hupatikana kwa kutoa jumla ya hizo tatu kwenye 100, ndiyo maana cheti kinaweza kuandika 99.3 huku ndani ya bonge mna vipande vya slagi (taka ya oksidi zilizoyeyuka) ambavyo hakuna aliyevihesabu.

Tanuru linafoka gesi, moshi mweupe umezidi, metali imepungua

Hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko pote, na kisababishi cha kwanza kukishuku ni uwiano wa kaboni na kwatzi.

Tanuruni kaboni huinyang'anya kwatzi (jiwe la silika, yaani oksidi ya silikoni) oksijeni yake, silikoni ikabaki. Hesabu ni hii. Kila kilo 1,000 za kwatzi safi zinahitaji kilo 400 za kaboni halisi ikiwa silikoni yote itabaki tanuruni. Kwa kweli haibaki yote. Sehemu yake hutoroka juu ikiwa gesi ya monoksidi ya silikoni, huungua ikikutana na hewa, na kuwa ule moshi mweupe wa silika unaokamatwa kwenye mifuko ya chujio. Ikiwa asilimia 85 ya silikoni inabaki, kaboni inayotakiwa ni kilo 370 hivi. Pengo kati ya 370 na 400 ni dogo sana, na tanuru zima linaendeshwa ndani ya pengo hilo.

Tazama sasa unyevu unavyoweza kukuponza. Tuseme nusu ya kaboni hiyo, kilo 185, inatoka kwenye mkaa wenye asilimia 75 ya kaboni ukiwa mkavu. Unahitaji kilo 247 za mkaa mkavu, au kilo 274 ukiwa na unyevu wa asilimia 10. Mvua ikanyesha, unyevu ukafika asilimia 20, na mpimaji akaendelea kupima kilo 274 zile zile. Kaboni iliyoingia kweli ni kilo 164 badala ya 185. Kwa hesabu, silikoni inayobaki inashuka kutoka asilimia 85 hadi kama 75, na hakuna kifaa kilichoharibika wala mtu aliyebadilisha mpangilio wowote.

Dalili za kaboni pungufu: moshi mweupe mzito, ndimi za moto zinazofoka kwa nguvu karibu na elektrodi (nguzo za kaboni zinazoingiza umeme tanuruni), na ukoko mgumu unaonata juu ya mchanganyiko wa malighafi. Ukoko huo si kwatzi iliyoyeyuka tu. Ni gesi ya monoksidi ya silikoni iliyoganda juu na kugeuka mchanganyiko wa silika na silikoni, ikashika vipande vya malighafi kama gundi. Elektrodi nazo huliwa haraka, kwa kuwa gesi isiyopata kaboni kwenye mchanganyiko huitafuta kwenye elektrodi.

Kaboni ikizidi, hali ni ya hila zaidi. Siku za mwanzo tanuru huonekana limetulia: moshi umepungua, juu ni laini, kila mtu anafurahi. Chini, kaboni isiyopata mwenzake inageuka kabaidi ya silikoni (kiwanja kigumu cha silikoni na kaboni) na kurundikana kitakoni. Halafu elektrodi zinaanza kupanda zenyewe, kwa kuwa mchanganyiko unapitisha umeme kirahisi na mfumo unazivuta juu ili kushika mkondo uliopangwa. Joto linahamia juu, kitako kinapoa, tundu la kutolea linakuwa gumu kutoboa, na fimbo inatoka na chembe za kijani au nyeusi zinazokwaruza kioo. Baada ya hapo tanuru hufoka pia. Kwa hiyo kufoka peke yake hakukuambii upande gani umekosea. Kinachokuambia ni urefu wa elektrodi na historia ya wiki nzima.

Ukishajua upande:

1. Pima unyevu wa kila aina ya kaboni leo, si kwa kitabu cha jana. Chukua kilo 2 za sampuli kutoka sehemu tano za lundo, kausha kwa nyuzi 105 hadi uzito usibadilike tena.
2. Hakiki mizani ya kupimia kwa uzito unaojulikana. Mizani iliyoziba vumbi hukosea kwa upande ule ule kila siku.
3. Rekebisha kaboni kwa asilimia 1 hadi 2 ya kaboni yote, kisha subiri. Tanuru hujibu kwa siku, si kwa saa. Anayerekebisha kila zamu hufukuza kivuli chake mwenyewe.
4. Kama kabaidi imeshajaa, punguza kaboni kwa muda au ongeza kwatzi kidogo karibu na elektrodi. Kabaidi huliwa na gesi ya monoksidi ya silikoni kule chini penye moto wa nyuzi 1,900 na zaidi. Kuipa kwatzi ni kuipa gesi hiyo.

Ikiwa hesabu ya kaboni ni sahihi na bado gesi inafoka mahali pamoja, angalia kwatzi yenyewe. Kuna kwatzi nzuri kabisa kikemia ambayo hupasuka ikipata moto wa ghafla na kuwa mchanga, na mchanga huo huziba njia za gesi. Tia mabonge machache kwenye tanuru dogo la maabara lililokwisha kufika nyuzi 1,300, yakae saa moja, yapoe, uyachekeche, ulinganishe na kwatzi uliyoizoea. Vibanzi vya mbao kwenye mchanganyiko husaidia kuacha nafasi za gesi kupita, na hiyo ndiyo kazi yao kubwa zaidi ya kaboni wanayoleta.

Ukoko uchokolewe kwa ratiba, kwa mashine, kabla haujawa dari. Dari likiporomoka kwa mara moja, gesi iliyofungwa chini hutoka yote pamoja na moto wake. Kumbuka pia kwamba gesi nyingi inayotoka ni monoksidi ya kaboni, haina harufu, na kipimo chake hukaa kifuani mwa mfanyakazi, si ofisini.

Chuma kimezidi

Usiiguse ndoo. Fanya hesabu ya kuingia.

Tani moja ya silikoni, kwa ufanisi ule wa asilimia 85, hula kama kilo 2,520 za kwatzi na kilo 930 za kaboni. Kwatzi yenye asilimia 0.05 ya oksidi ya chuma huleta kilo 0.9 za chuma, yaani asilimia 0.09 kwenye metali. Ikiwa kaboni yote ni makaa ya mawe yenye asilimia 60 ya kaboni halisi, umetia kilo 1,550 za makaa. Majivu yakiwa asilimia 3, na sehemu ya kumi ya majivu hayo ikiwa oksidi ya chuma, umeongeza kilo 3.3 za chuma, yaani asilimia 0.33. Jumla 0.42. Tanuru hilo litatoa 553 salama, litakosa 441 kwa unywele, na 2202 halitaiona kamwe. Dawa ni kubadilisha sehemu ya makaa kwa mkaa wa miti au koki ya petroli, zenye majivu machache.

Hesabu ya malighafi ikitoa 0.35 na maabara ikasema 0.55, tofauti imeingia njiani. Wezi wa kawaida ni hawa: fimbo za chuma za kuchokolea zinazoyeyukia ndani, ganda la chuma la elektrodi ya kujiokea (ndiyo maana tanuru za silikoni hutumia elektrodi zilizookwa tayari au zile ambazo ganda halishuki pamoja na kaboni), kalibu za chuma zisizotandikwa chenga za silikoni chini, na meno ya mashine ya kusagia. Mwizi wa mwisho hukamatwa kwa sumaku. Silikoni haivutwi na sumaku, kwa hiyo pitisha sumaku yenye nguvu juu ya kilo 1 ya sampuli iliyosagwa. Kikinata kitu, pima tena kilichobaki. Chuma kikishuka, tatizo ni la mashine wala si la tanuru.

Alumini au kalsiamu haishuki kwenye ndoo

Kinachofanyika humo ni kupuliza oksijeni iliyochanganywa na hewa kupitia plagi ya kitakoni, pamoja na kuongeza mchanga wa silika na chokaa. Kalsiamu na alumini huungua, hujiunga na silika na kuwa slagi. Kalsiamu hutangulia kushuka, alumini hufuata kwa uvivu.

Zote mbili zikikaa juu, mara nyingi plagi imeziba au ndoo ni baridi. Silikoni huganda kwa nyuzi 1,414, na chini ya nyuzi 1,500 slagi inakuwa nzito kama uji uliolala. Pasha ndoo kabla ya kupokea, na hakikisha gesi inapita kwenye plagi kabla metali haijaingia, si baada.

Kalsiamu imeshuka lakini alumini imesimama: slagi imeshiba oksidi ya alumini na haitaki zaidi. Ondoa slagi ya zamani, ongeza chokaa na mchanga upate slagi mpya, endelea. Kinyume chake, alumini ikishuka huku kalsiamu ikipanda, umetia chokaa kupita kiasi. Vitu hivi viwili vimefungamana kupitia slagi, na kutafuta sifuri ya vyote kwa slagi moja ni kazi bure.

Joto likipanda mno wakati wa kupuliza (kuungua kwa silikoni yenyewe hutoa joto jingi), poza kwa chenga safi za silikoni. Usizitumie chenga za ardhini zilizofagiliwa. Zinarudisha chuma na unyevu, na unyevu ndani ya metali iliyoyeyuka ni mlipuko.

Mabonge yenye madoa ya kioo cha kijivu ni slagi iliyonaswa. Uzito wa slagi ya aina hii unakaribiana na wa silikoni iliyoyeyuka, kwa hiyo haizami upesi wala haielei upesi. Acha ndoo itulie dakika chache, mimina polepole, na ubakize kidogo cha mwisho ndani.

Maabara mbili hazikubaliani

Hapa ugomvi huwa mwingi kuliko kosa. Silikoni ikiganda, uchafu husukumwa mbele ya sehemu inayoganda na kukusanyika katikati ya bamba na kwenye mipaka ya chembe. Pia hupanuka kama asilimia 10 ikiganda, kama maji yanavyofanya, na matone ya mwisho yenye uchafu mwingi hubinywa nje juu ya bamba. Atakayechukua kipande cha ukingoni na atakayechukua cha katikati wamepima vitu viwili.

Halafu kuna chenga. Sehemu zenye chuma, alumini na kalsiamu ni tete kuliko silikoni, kwa hiyo zikivunjwa huanguka kwanza na kujaa kwenye chenga. Muuzaji aliyeokota mabonge mazuri na mnunuzi aliyechota kitakoni mwa mfuko hawatakubaliana hata wote wawe wakweli.

Chukua basi sampuli za mabonge na chenga kwa uwiano wao halisi, kutoka mifuko isiyopungua mmoja kati ya kumi, zivunje zote, gawanya kwa robo hadi ibaki gramu 200. Usisagie kwenye bakuli la chuma kama unapima chuma. Bakuli la kabaidi ya tungsteni ni afadhali. Na anayeyeyusha sampuli kwa asidi ya haidrofloriki awe na jeli ya glukoneti ya kalsiamu mkononi kabla hajafungua chupa.

Kama una shaka kwamba umeuziwa ferosilikoni (aloi ya chuma na silikoni) au slagi iliyopakwa jina, pima bonge hewani kisha likiwa ndani ya maji, gawanya uzito wa hewani kwa tofauti ya vipimo hivyo viwili. Silikoni hutoa 2.3 na ushee. Ferosilikoni ya asilimia 75 hukaribia 3. Bonge lenye matundu litadanganya, kwa hiyo chagua lililo zima.

Kwenye chungu cha alumini

Mnunuzi anayetia silikoni kwenye alumini iliyoyeyuka ili apate aloi (metali mchanganyiko) huona inaelea na haiyeyuki. Ni nyepesi kuliko alumini iliyoyeyuka kwa kiasi kidogo tu, kwa hiyo chenga na unga hubaki juu, huvaa ngozi ya oksidi, na kutoka na taka. Tumia mabonge ya milimita 10 hadi 100, makavu, yaliyopashwa, na uyazamishe. Kwa nyuzi 720 hadi 760 huisha yakikorogwa. Koroga kwa kina, si juu juu. Silikoni haiyeyuki kama sukari iliyotiwa moto. Inaliwa na alumini polepole kuanzia nje, kwa hiyo kuongeza joto bila kukoroga kunakupa gesi na taka tu.

Vitundu vya gesi na taka nyingi baada ya kubadilisha shehena: shuku kalsiamu. Aloi yenye asilimia 7 ya silikoni ikitengenezwa kwa 553 inaweza kupokea hadi sehemu 210 za kalsiamu kwa milioni. Kwa 3303 ni 21. Sehemu kubwa huungua, lakini si yote.

Strontiamu imetiwa ili kulainisha chembe za silikoni, nazo hazijawa laini: shuku fosforasi, ambayo haimo katika jina la gredi hata kidogo. Iandike kwenye mkataba. Kwenye aloi zenye silikoni kupita asilimia 12.6, fosforasi hiyo hiyo inatakiwa, kwa kuwa ndiyo inayozalisha chembe ndogo za silikoni inayoganda kwanza.

Kuhusu chuma, watu hulipia usafi wasiouhitaji. Aloi ya A356 ina kikomo cha chuma asilimia 0.20, na 7 kwa mia ya silikoni ya 553 huleta 0.035. Hiyo inahesabika. Lakini aloi za kusubu kwa shinikizo kama A380 huruhusu chuma hadi 1.3, tena huhitaji kiasi fulani ili metali isishike kalibu. Kununua 2202 kwa kazi hiyo ni kutupa fedha. Na kulipia alumini ndogo ndani ya silikoni unayokwenda kuizamisha kwenye alumini, hilo halina jina.

Kwenye kiwanda cha kemikali

Mtambo wa kloridi ya methili, ule unaozaa malighafi ya mpira wa silikoni kwa kichocheo cha shaba kwenye nyuzi 280 hadi 300, ukichelewa kuanza, angalia mambo matatu: unga uliokaa hewani na kuvaa oksidi, alumini iliyo chini mno (hapa alumini kidogo ni rafiki), na risasi, ambayo ni sumu ya kichocheo hata kwa kiasi kidogo. Alumini ikizidi, kloridi yake hupaa na kuganda kwenye mabomba ya baridi na vali. Unga laini kupita kiasi hubebwa na gesi hadi kwenye chujio kabla haujafanya kazi.

Kwa triklorosilani, kimiminika cha kutengenezea silikoni safi kabisa, inayotengenezwa kwa gesi ya haidrojeni kloridi, tetrakloridi ya silikoni ikizidi kwa kawaida moto umepanda. Kalsiamu huacha kloridi isiyopaa, ambayo hurundikana kitakoni. Boroni na fosforasi hupita na gesi na huwa mzigo wa mnara wa kutenganishia.

Mfuko umefura

Chenga zimelowa. Unga mpya wa silikoni hutoa haidrojeni polepole ukiwa na maji, na kwa kasi ukiwa na magadi au saruji: kilo 1 ikimalizika hutoa kama mita 1.6 za ujazo. Fosforasi na aseniki zilizomo huongeza gesi zenye sumu. Usiukate mfuko ndani ya ghala. Utoe nje penye upepo, mbali na cheche, utoboe kwa kifaa kisichotoa cheche, na uuache siku kadhaa. Vumbi kavu lililopeperuka linaweza kulipuka, kwa hiyo mashine za kusagia ziunganishwe na ardhi na zijazwe naitrojeni. Likiwaka, lifunike kwa mchanga mkavu bila kulirusha hewani. Maji yabaki kwenye bomba.